Mukuka, Musindikizaji wa Hewa Bora

Katika avenyu moja ya mtaa wa Hewa Bora, Lubumbashi, ukitoka kwenye lango na mfuko mkononi utasikia mashini ya kushona inanyamaza. Ni Mukuka huyo, anatafuta viatu vyake. Jina lako halijui, wala hakuulizi umetoka kwa nani. Anakuja tu kando yako, mita ya ushonaji bado iko shingoni, anakamata mfuko upande mmoja na kukuuliza: "Tunaenda wapi?"

Anasindikiza watu, basi. Kila mtu anasindikiza mgeni wake, hilo ni adabu ya kawaida. Lakini Mukuka anasindikiza na wageni wa wengine. Akina mama wanaokwenda sokoni, mwimbaji wa kwaya aliyekuja kwa jirani, fundi wa maji anayetafuta njia. Siku moja alimsindikiza hadi barabarani yule bwana aliyekuja kukata umeme wa avenyu nzima, akambebea na ngazi. Majirani walikaa muda mrefu hawamsalimu.

Siku ambazo hakuna anayesafiri, miguu inamwasha. Hapo anaacha kazi na kwenda kwenye parking ya magari yanayokwenda Kasenga. Anasimama katikati ya vikapu vinavyonuka samaki, na gari likianza kusogea anatoa kitambaa cheupe mfukoni na kuwapungia watu asiowajua kabisa. Ndani ya gari watu wanatazamana. "Huyu baba iko naaga nani?" Na kila mara kuna mmoja anayeinua mkono na kumjibu, maana huwezi kujua.

Kazi yake nayo inalala. Mama Albertine, mteja wake wa siku nyingi, alikuja kuchukua libaya yake, blauzi ya kuvaa harusini, akaikuta na mkono mmoja.

"Papa Mukuka, mukono ya pili ilienda kusindikiza nani?"

Mkewe, Chilufya, alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamuuliza mbele ya pasta. Jibu lilikuwa lile lile: "Sijue, mama. Nikiona muntu anaenda yeye moja, roho inanisimama." Hapo nyuma hakuna kisa cha kutafuta. Ndivyo alivyo, kama mwingine alivyo na mkono wa kushoto.

Sasa Daniella, binti yao, akapata mchumba. Kijana anaitwa Merdi, mtoto wa wafanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini. Baba yake, Bwana Nzanzu, anauza bidhaa kwa jumla na ana malori barabarani. Siku ikapangwa: bakwe, wazazi na ndugu wa kijana, watakuja kujionyesha. Jioni ya kuamkia siku hiyo Daniella alivuta kigoda akakaa karibu na mashini.

"Papa, kesho bakwe bakiingia, utaikala ku kiti."

"Nitaikala."

"Mupaka Baba Mukubwa Bwalya amalize kusema. Mupaka benyewe baombe njia ya kurudi kwabo. Usiimame, Papa."

"Na kama kunapita mama na muzigo…"

"Papa!"

"Nitaikala, mama. Nimesema."

Binti alikuwa na sababu. Mwenye nyumba akisimama kabla mgeni hajaaga, akamkamatia na mfuko wake, amesema neno moja bila kufungua kinywa: nenda. Na mgeni akiwa mkwe ni mbaya zaidi, maana hapo baba amemkatalia binti yake. Na kwa kina Merdi walikuwepo mashangazi ambao wangependa kijana aoe kwao, wakitafuta ufa tu wa kutokea.

Mukuka alilijua hilo. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililomkwaruza ndani, na hilo hakumwambia mtu. Binti anayeolewa, baba yake hamsindikizi. Wanaompeleka ni mashangazi. Baba anabaki ndani ya parseli, yaani kiwanja chake, anatazama ukuta. Kaka yake Bwalya alimkumbusha huku akicheka, "Ulisindikiza bantu yote ya Lubumbashi, ndugu yangu. Huyu moja, hapana." Tangu siku ile Mukuka alikuwa anavunja sindano hovyo hovyo.

Siku yenyewe Chilufya alijipanga. Alimvika mumewe viatu vya ngozi vinavyobana, ili asitamani kutembea. Akamkalisha kwenye kiti kirefu, katikati ya Bwalya na ukuta, na mbele yake akaweka meza ya sucré, chupa za soda tele. Kutoka pale, hata panya angehangaika.

Bakwe wakaingia. Bwana Nzanzu mbele, mfupi, kimya, na mfuko mdogo wa ngozi kwapani. Nyuma yake Mama Kavugho, dada yake mkubwa, mwenye kikwembe, kitenge kipana kinachojaza mlango. Kisha Merdi na wengine, na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, ambacho hakifunguliwi mpaka maneno yaishe. Bwalya akasafisha koo na kuanza. Bwalya akianza maneno anaanzia kwa mababu, na mababu walikuwa wengi.

Mukuka alikaa. Dirisha lilikuwa wazi. Akasikia kinga, baiskeli ya muuza makaa, ikipita, inalia kwa uzito, anaisukuma mtu mmoja. Goti likaanza kucheza. Akalikamata kwa mkono. Kisha likalia lango la jirani, Dominique, na magurudumu ya valisi ya safari yakaburutika mchangani. Nani anasafiri kwa Dominique? Mbona hawakusema? Kisigino kikapiga sakafu, tok tok tok. Chilufya akamtolea macho.

Mama Kavugho naye aliona. "Baba iko na homa?"

"Hapana, mama. Ni viatu tu," akajibu Mukuka.

Bwalya akafika kwa babu wa pili. Valisi ikafika kona, ikanyamaza. Mukuka akaliachia goti. Alikuwa ameshinda, kidogo.

Ndipo telefone ya Bwana Nzanzu ikalia. Dereva wake alikuwa na shida na lori. Ndani maneno ya Bwalya yalikuwa makubwa, kwa hiyo Bwana Nzanzu akafanya ishara ya kuomba radhi, akainuka kwenda kujibu nje, na mfuko wake kwapani.

Mukuka aliona mtu, mfuko, mlango. Mengine hakuyaona. Hata leo hawezi kueleza alivyoipita ile meza. Watu walisikia tu chupa zikigongana, na alipoonekana tena mkono wake ulikuwa kwenye mshipi wa mfuko wa mkwe.

"Baba, tunaenda wapi?"

Bwana Nzanzu aliutazama ule mkono. Akashusha telefone sikioni, akatoka, Mukuka kando yake. Bwalya alibaki na kinywa wazi, babu yake wa tatu akiwa nusu. Wa kwanza kusimama alikuwa Mama Kavugho.

"Basi. Tumesikia."

Viti vikakwaruza, vyote kwa pamoja. Nyuma ya pazia Daniella, aliyekuwa anangoja kuitwa, alivisikia.

Huko nje Mukuka alikuwa anavuta pumzi yake ya kwanza nzuri tangu asubuhi. "Angalia hapo, baba, kuko kishimo. Pita huku." Bwana Nzanzu akakiruka kishimo. Walipokaribia kona ya kanisa Mukuka akageuka, kama anavyofanya siku zote, aone kama kuna mwingine wa kungojea. Akaona bakwe wote kwa mstari: Mama Kavugho, wazee, Merdi kichwa chini. Na kikapu kinarudi bila kufunguliwa.

Mfuko ukawa mzito mkononi mwake. "Baba, benyewe banaenda wapi?"

"Unauliza miye? Ni weye njo umetufukuza."

Chilufya alifika anahema, kitambaa cha kichwa kimemwangukia mabegani. "Mutusamehe, bakwe! Iko mugonjwa! Malaria ilimupanda ku kichwa!"

"Tangu juzi," akasaidia Bwalya kwa nyuma. "Anaongea na ukuta."

Mama Kavugho akasimama. Ugonjwa ni kitu kingine, ugonjwa unaweza kusamehewa. "Nilisema mimi, huyu baba iko na homa."

Njia ya kutoka ilikuwa pale. Mukuka alitakiwa tu kukohoa kidogo. Hapo Daniella akatokea, miguu mitupu, amevaa kikwembe cha sherehe ambacho hakikutakiwa kuonekana kabla hajaitwa.

"Papa haiko mugonjwa," akasema. "Papa yangu anasindikizaka bantu. Bote. Hata benye hajue. Leo ni vile, kesho mukikuya kutusalimia ni vile. Malaria inaponaka, hii haiponake. Kama hamuwezi, museme leo, mbele yangu."

Bwalya alijishika kichwa. Mukuka alimtazama binti yake, kisha akaona haya, si ya kusindikiza, ila ya kungoja mtoto aseme neno lililokuwa lake yeye baba. Akaingiza mkono kwenye suruali ya Jumapili, mahali ambapo Chilufya hakupekua, akatoa kitambaa cheupe.

"Ni kweli. Sina na homa. Hata hiki nilikuya nacho."

Watu wote wakakitazama kile kitambaa. Telefone ikalia tena. Bwana Nzanzu akaipokea bila kuondoa macho. "Ngoja kidogo, nitakuita. Niko nasindikizwa."

Mama Kavugho alijaribu kuzuia kicheko, kikamtokea puani.

"Nilikuwa natoka kujibu telefone tu," akasema Bwana Nzanzu.

"Na mufuko, baba? Muntu anajibiaka telefone na mufuko?" akauliza Mukuka.

"Mufuko wangu siachake."

"Huyu!" Mama Kavugho akapiga mikono. "Hata ku choo anaenda nao. Ku mazishi, nao. Siku ya harusi yake aliukamata kuliko alivyokamata bibi. Tulishachoka!"

Bwana Nzanzu akauchukua mfuko kwa Mukuka, akaurudisha kwapani polepole, kama mtu aliyevuliwa kofia. Kisha akamkamata Mukuka mkono. "Sasa ni miye njo nakurudisha kwako. Tuende." Na kikapu nacho kikageuka.

Ndani, Bwalya alitaka kurudi kwa babu wa tatu, lakini Bwana Nzanzu alimwelekea Mukuka. "Mwenye mutoto aseme mwenyewe. Baba unataka nini?"

Bwalya akamkanyaga ndugu yake mguu. Mukuka akajibu akiwa wima, nyuma ya kiti, maana sasa hakuna aliyemwambia akae.

"Siku mukikuya kumubeba, nataka kumusindikiza."

"Haifanyikake!" akaruka Bwalya. "Baba anabakia ku nyumba!"

"Mupaka ku mulango," akasema Mama Kavugho, ambaye biashara inamtoka yenyewe.

"Mupaka ku gudroni, ku barabara kubwa," akasema Mukuka.

"Gudroni ni mbali! Batu batasema hatukumuoa, tumemuiba na baba yake. Ku lango la parseli."

"Ku kanisa."

"Ku lango, na kitambaa unapunga."

"Mama, muangalie miguu yangu."

Mama Kavugho aliiangalia. Ilikuwa inacheza. Akamtazama kaka yake, kaka yake akautazama mfuko.

"Ku kona ya kanisa," akasema Bwana Nzanzu. "Mupaka pale tu. Na kitambaa." Nyuma ya pazia Daniella, aliyerudi kungoja kuitwa, akacheka huku analia.

Kikapu kikafunguliwa. Bakwe wakaomba njia vizuri, kwa maneno yote yanayotakiwa, na walipomaliza wakageuka kumtazama Mukuka. Alikuwa ameshavaa viatu vyake vya zamani.

Aliwafikisha mpaka kwenye gari, akapunga mpaka vumbi likatulia. Wakati wa kurudi akasimama kwenye kona ya kanisa. Kutoka hapo lango lake linaonekana, hata mbuzi wa Dominique wanaonekana. Ni karibu sana. Akatembea mpaka langoni, akarudi kwenye kona, akaanza upya, polepole kuliko mara ya kwanza, akijaribu kuona ile njia inaweza kurefuka mpaka wapi.