Kijiti cha Wageni

Usiku ule mimi na Loveness hatukulala. Tulikaa kwenye korido ya nyumba tunayopanga Mbagala, vyumba vyetu vinatazamana, simu yangu iko kwenye kigoda katikati yetu. Magharibi mtu wa kambi ya watalii alikuwa amepiga: mtumbwi umepinduka Rufiji, mmoja kaopolewa hai, mwingine bado wanamtafuta. Kabla hajataja jina, mtandao ukakata, na tangu hapo hapatikani. Mmoja ni mwanangu Mfaume. Mwingine ni Daniel, mume wake Loveness.

Mfaume alishika kasia kabla ya kalamu. Baba yake, mtu wa Utete, ndiye aliyemfundisha. Shule ilipomshinda akapata kazi ya kuwapeleka wageni kwa mitumbwi ndani ya mbuga, wanalala porini hukohuko. Baadaye akamwingiza na Daniel.

Kazi ile bwana wake ni maji. Yakipungua, wanashuka kukokota mtumbwi mchangani, na mamba wako pale. Yakipanda, viboko wanahamia kwenye majani ya ukingoni, njia ileile ya mitumbwi. Kwa hiyo kila jioni Mfaume huchomeka kijiti ukingoni. Asubuhi akikikuta kimezama, safari hakuna, mgeni anune asinune.

Safari hii wageni walishaondoka kwa gari. Wao wawili walibaki kuurudisha mtumbwi kambini. Asubuhi, kabla hawajaondoka, Mfaume alinipigia.

"Kijiti kimezama, mama, na huku hakujanyesha hata tone. Maji ya mvua ya Iringa hayo, yanashuka na mto."

"Basi ngojeni."

Nikamsikia Daniel nyuma yake akicheka. "Mama, mwanao anaogopa maji! Si angeuza mitumba tu?"

"Huyu naye," Mfaume akasema, na yeye anacheka. "Kijiti ni cha wageni, mama. Sie tunapita."

Loveness sikumwambia maneno hayo. Usiku ule alikuwa ananitazama tu.

"Mama Mfaume, Daniel hajui kuogelea."

"Mungu yupo, mwanangu."

Mfaume anaogelea tangu mdogo. Nilikuwa najipa moyo kwa hilo, na kila nilipojipa moyo nilishindwa kumtazama Loveness usoni. Nilijua ninachokiomba, na nilijua kinamwangukia nani.

Kulipopambazuka gari likasimama nje. Mfaume akaingia, miguu mitupu, shati la mtu mwingine. Alhamdulillahi ilinifika mdomoni, nikaimeza.

"Shikamoo, mama," akasema, akanipita. Akasimama mbele ya Loveness. "Shem..."

Loveness akainuka, akaingia chumbani kwake, akapiga komeo.

"Shem, fungua."

"Usiseme!" alijibu kutoka ndani. "Usiniambie kitu, Mfaume. Nenda kamlete."

Mfaume akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Nilimletea chai, hakuigusa. Jua likaingia mpaka kwenye korido, wapangaji wakawa wanapita, wanamruka miguu. Kila baada ya muda anagonga kidogo kwa kidole. Komeo halikuguswa.