Kikohozi cha Mwenye Nyumba

Niliacha shule darasa la tatu, na tangu hapo nikawa mtu wa kufuata harufu. Pale Keko, wakati wa Mwingereza, nilikuwa nikipiga msasa viti vya watu, na kila lori lilipokuja kushusha mbao nilizinusa. Mninga ulinukia mahali fulani, sikujua wapi. Asubuhi moja niliuacha msasa juu ya meza ya fundi, nikashika barabara ya Morogoro kwa miguu, kwenda kuona mbao zinakotoka.

Siikumbuki safari ile kwa mpangilio. Naikumbuka kama mtu akumbukavyo alichokiona akiwa na homa: mikorosho, vumbi lililobaki hewani muda mrefu baada ya lori kupita, wanawake wenye mizigo ya muhogo wakitokeza katika vumbi lile na kuzama tena. Nilipiga hodi, nikapewa maji, nikaulizwa nitokako, nikalala, nikaondoka. Vijiji viliingiana kichwani mwangu hata nikaanza kudhani ni kijiji kimoja tu, kinanitangulia njiani.

Karibu na Kibamba nilikuta nyumba ya matanga. Wanaume walikuwa wameketi uani kwenye majamvi, wakizungumza chini chini. Nikawapa pole, nikakaa pembeni. Shemeji wa marehemu, mzee mwenye jicho moja jeupe, aliniuliza kabila langu. Nikamwambia baba yangu ni Mnyamwezi, ingawa mimi Unyamwezi sijapata kuuona.

Akawageukia wenzake. "Mungu katuletea mpagazi," alisema.

Wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakiteremka pwani na mizigo vichwani. Msibani mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemeka na kufanya lisilofanyika. Mimi nilikuwa nikiujua utani wa sokoni tu, wa kutaniana bei ikishindikana. Mzee akanivuta kando, akanieleza kwamba dada yake, mke wa marehemu, hajatia kitu kinywani tangu mazishi. Wamembembeleza, wamemgombeza, shehe kamsomea, na bado amegeukia ukuta.

"Anatufia yule," alisema. "Na watani wetu wa hapa wote wamekwenda mashamba ya mkonge."

Nikamwuliza nifanye nini. Akaleta kanzu na kofia ya marehemu, akanieleza mtu mwenyewe alivyokuwa: mguu wa kushoto ulichelewa kidogo, alikohoa kabla ya kuingia kwake, na chakula chochote alichopewa alisema hakina chumvi.

Nilivaa. Kanzu ilinukia karafuu na jasho la mtu nisiyemjua. Nikauvuka ua nikiuchelewesha mguu, jua la alasiri machoni, na kwa kitambo nikahisi kwamba si mimi ninayetembea, kwamba kuna mtu ameniazima. Mwanamume mgeni asingeruhusiwa kukivuka kizingiti kile, lakini mtani aliachiwa njia. Nilikohoa, nikakohoa tena, nikaingia.

Ndani mlikuwa na kiza na moshi wa ubani. Wanawake wakasogea. Bibi yule alikuwa amelala ukutani, kajifunika kaniki, mdogo kama mtoto. Hakugeuka. Karibu yake palikuwa na sahani ya wali na kunde za nazi, imefunikwa kawa. Nikaketi, nikafunua, nikala tonge.

"Hakina chumvi," nikasema.

Nikala tonge la pili. Nikasema nimetoka kaburini na njaa yangu, nimerudi kukuta Wazaramo bado hawajajifunza kupika, heri ningekwenda kuoa Unyamwezi. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa kanga yake.

Bibi akageuka. Akaitazama kanzu, kuanzia upindo hadi shingoni, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Alikuwa akikohoa mara moja," alisema. "Mara moja tu. Mpagazi wewe, hata kukohoa huwezi."

Nikanyanyuka, nikatoka nje, nikakohoa mara moja, nikaingia tena. Safari hii nilimkuta ameketi.

"Hakina chumvi," nikasema.

"Muongo huyu. Miaka yote uongo ule ule."

Mkono ukatoka ndani ya kaniki, mwembamba, ukachota kunde kidogo kwa ncha za vidole. Alitafuna polepole. Sote mle ndani tulikuwa tukisikiliza kutafuna kule kama watu wanaosikiliza mvua inakotokea. Kisha akamgeukia jirani aliyekuwa amepika.

"Leo kasema kweli," alisema. "Nileteeni chumvi."

Ikaletwa. Alinyunyiza mwenyewe, akala, machozi yakimshuka bila sauti, na alipofika nusu akanisukumia sahani.

Asubuhi nilirudisha kanzu na kofia, nikashika tena njia ya mbao. Nilikuwa nimeshayapita mashamba ya mwisho ya kijiji nilipogundua kwamba mguu wangu wa kushoto bado unachelewa. Sikuuharakisha.