Namba Chini ya Kete

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kwa sababu ya patasi. Ilikuwa karakana moja ya mbao kule Kilindini, mwishoni mwa miaka ya themanini, nami nimetoka chuo cha ufundi na cheti mkononi na kiburi kichwani. Niliazima patasi, nikaiacha juu ya jiriwa, yaani kile chuma cha kubania mbao, nikaenda kunywa chai. Niliporudi haikuwapo. Msimamizi wa karakana, mzee mfupi asiyecheka, akaniuliza namba yake. Sikujua kama patasi huwa na namba.

"Chombo kisicho namba kina miguu," akasema. "Na leo utazipiga zote, ujue."

Nikashinda nikipiga namba. Vyuma vya kazi hiyo ni vipande vifupi, kila kimoja kina tarakimu nchani. Unakisimamisha, unagonga nyundo mara moja tu, tarakimu inazama. Ukigonga mara mbili inatoka na kivuli. Jioni kila randa, kila msumeno, kila patasi ilikuwa na namba, na katika daftari kila namba ilikuwa na jina la mtu. Mzee yule simlaumu. Alinifunza adabu ya karakana, na mpumbavu ni mimi niliyeibeba kila nilikokwenda.

Katikati ya miaka ya tisini watu walipunguzwa kazi, nami nikawa mmoja wao. Nikapata nafasi ya kufundisha ufundi katika shule ya wasichana ya kutwa huko Tononoka. Mwalimu Mkuu alikuwa mama mrefu, sketi yake imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na siku nilipoingia ofisini mwake aliniambia, "Hapa hatuhitaji maneno, Mwalimu. Tunahitaji utaratibu." Nikafurahi. Utaratibu nilikuwa nao wa kugawa na kusaza.

Vijana wa leo huenda hamjui usanifu ulivyofundishwa. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne alitakiwa kutafuta shida ya watu, aiandike katika daftari la usanifu pamoja na mahitaji ya mtumiaji, achore, kisha atengeneze kitu chenyewe na kukijaribisha kwa watu kabla mtahini hajaja. Wengi walileta vigoda, mbuzi za nazi na rafu za viungo. Mtahini alikuwa akiviangalia huku anapiga miayo.

Zuhura hakuleta kigoda. Alikuwa msichana wa Mji wa Kale, mwembamba, mwepesi wa kazi na mzito wa maneno, yatima aliyelelewa kwa shangazi yake. Katika daftari lake, mahali pa shida, aliandika: "Kuna wasichana wanaoogopa kitu na hawana wa kumwambia." Chini yake, hitaji la kwanza: "Isijulikane ni nani." Nikamuuliza kitu gani hicho wanachoogopa.

"Si lazima mwalimu ajue," akajibu. "Ndiyo sababu natengeza hiki."

Kazi yake ilikuwa sanduku la mvule la kutundika karibu na maktaba, lenye tundu juu, pamoja na kete za mti kama zile za dama, moja kwa kila msichana wa darasa lao. Kila mmoja angechora kwenye kete yake alama anayoijua mwenyewe, ua au nyota au chochote. Akipatwa na jambo la kumtisha, aitumbukize sandukuni. Kila Ijumaa Bi Rukia, mwalimu wa sayansi kimu ambaye wasichana walimpenda, angefungua, aichore alama ile ubaoni darasani kwake na kuandika saa. Mwenye alama angekwenda akitaka. Asipotaka, basi, hakuna wa kumfuata. Mambo ya sitara hayo, na msichana wa miaka kumi na saba aliyafikiria yote peke yake. Nikampa maksi zote kwa lile hitaji la kwanza, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu, "Vizuri sana."

Halafu, siku moja kabla hatujazigawa, nikaingia karakana peke yangu, nikazipanga zile kete jiriwani, nikapiga namba chini ya kila moja. Namba ndogo ndogo, safi, hazina kivuli. Nisingemwambia mtu kwamba nilikuwa na nia mbaya, maana sikuwa na nia yoyote. Vitu vya karakana vilikuwa vinatoka, na vikitoka vinapigwa namba. Nikazigawa kwa kufuata orodha ya darasa, nikaandika daftarini. Wasichana walishughulika na upande wa juu, wakichora alama zao kwa kicheko. Wa chini hawakuutazama.

Wiki ya tatu Bi Rukia alifiwa, akaenda kwao. Ijumaa ikafika, na Mwalimu Mkuu akalifungua sanduku kwa ufunguo wa akiba wa ofisini. Akaniita. Kete moja ilikuwa mezani pake, imelala kifudifudi.

"Mwalimu, kumi na tisa ni nani?"

"Zuhura," nikasema.

Nilijibu pale pale, bila kufungua daftari. Na niseme kweli, nilijibu kwa fahari, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua vizuri mbele ya mkubwa wake. Hata nilipotoka mlangoni sikuwa nimefahamu nilichofanya.

Zuhura aliitwa siku ileile. Alikataa kusema neno mbele ya Mwalimu Mkuu, na kwa utaratibu, mtoto mwenye shida akinyamaza, huitwa mlezi wake. Jumatatu mlezi akaja. Ni mume wa shangazi, bwana mtanashati, kanzu nyeupe, marashi, salamu zake ndefu hadi kwa mfagiaji. Nami nilimpa mkono. Zuhura alikuwa amesimama kando ya dirisha, na yule bwana alipoingia ofisini, msichana alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Hapo ndipo nilipoelewa anaogopa nini. Na Mwalimu Mkuu aliona, kwa sababu aliinamisha macho kwenye karatasi zake.

Zuhura akaichukua kete mezani, akaigeuza.

"Mwalimu, namba hii imetoka wapi?"

Mwalimu Mkuu akasema, "Shule si mahakama, Zuhura. Una wazee wako, wao ndio watakaokusikiliza." Yule bwana akasema ahsante sana, akamshika mkono msichana, wakaondoka. Ningeweza kusimama mlangoni. Ningeweza kusema mwacheni kwanza, tumngoje Bi Rukia. Nilirudi karakana, nikafundisha kidato cha pili kunoa randa.

Zuhura hakurudi shuleni. Bi Rukia alipokuja na kuambiwa, hakunipigia kelele. Aliacha tu kunisalimu, na yeye mtu wa Mombasa, nanyi mwajua kunyimwa salamu hapa kwetu ni nini. Muhula ulipokwisha akaomba uhamisho. Mimi nilibaki pale miaka mingi, wakuu wakaja wakaenda, na siku ya kunistaafisha wakanisifu kwa utaratibu. Nilikula pilau yao nikaona uchungu mtupu kinywani.

Mkinitaka busara za uzeeni sina. Nina hili tu, kwamba nilikuwa fundi mzuri na hakuna kilichonizuia kumuumiza mtoto.

Miezi miwili baada ya kustaafu nilikuwa Mwembe Tayari nikinunua machungwa. Mama mmoja wa buibui akasimama mbele yangu, na msichana wa miaka kama kumi na tatu pembeni yake. Nilimjua kwa macho kabla hajasema.

"Masalkheri, mwalimu."

"Masalkheri, Zuhura." Nikaanza kusema yale niliyoyapanga miaka yote. Akanipa nafasi nimalize, nikashindwa kumaliza.

"Nishakusamehe zamani," akasema kwa upole. "Sikukusimamisha kwa hilo. Nilikuwa nataka kukuuliza, bado wasomesha pale shuleni?"

"La. Nimestaafu."

Akashusha pumzi, akamwekea bintiye mkono begani.

"Alhamdulillahi," akasema, na hakukuwa na kejeli hata chembe. "Basi huyu nitamleta pale."