Beseni Juu ya Unyayo

Nilipokuwa bado mtoto wa kupewa ufagio kila asubuhi kabla ya chai, niliujua uwanja wetu kuliko nilivyoijua katekisimu. Tulikaa Likasi, kusini mwa Kongo, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, kwenye zile nyumba za matofali zilizofanana kama ndugu, kila moja na ua wake wa majani na uwanja wake wa udongo mwekundu. Ufagio ulikuwa wangu kwa sababu nilikuwa msichana pekee nyumbani. Ndiyo maana nasema, bila kujisifu, kwamba katika mambo ya lile beseni hakuna aliyesumbuka kama mimi.

Kaka yetu mkubwa, tuliyemwita yaya Mulumba kwa ukubwa wake, alikuwa amemaliza sekondari na alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kuingia shule ya maofisa wa jeshi, kule Kananga. Baba hakupenda. Alifanya kazi kiwandani, kwenye shaba, na kampuni ilikuwa imemwekea mwanawe nafasi ya kujifunza ufundi. Baba alisema nafasi kama ile haibishi hodi mara mbili. Yaya aliikataa, kwa adabu lakini aliikataa, na kijana mwingine wa kambi akaichukua wiki ileile. Kwa hiyo sote tulijua hesabu ilivyokaa: wanajeshi wakimkataa, yaya Mulumba atabaki mikono mitupu, na baba atakuwa na la kusema mpaka kufa.

Asubuhi ya safari, yaya alivaa buti za kazi za akiba za baba. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimefungua midomo, na mama alisema mtu haendi kuomba uofisa huku vidole vinachungulia. Alikuwa apande treni, afanye mtihani, kisha angojee majibu kwa mjomba, kaka wa mama, aliyekuwa mwalimu kule Kananga. Mama alimpigia alama ya msalaba kwenye paji la uso. Baba alimpa mkono kama anavyompa mtu wa zamu nyingine. Kisha yaya akatoka, tukabaki tunautazama mgongo wake hadi ukapotea kwenye kona.

Nilishika ufagio wangu kama kawaida. Hapo ndipo Kaku akaniita jina langu lote.

Kaku ni bibi yetu, mama yake baba. Alikuja Katanga kutoka Kasai akiwa mwari, amemfuata mume aliyeandikwa kazi mgodini, na mizigo yake yote ya mkononi ilikwisha zamani, ila ile ya kichwani, mila za kwao, aliitunza. Alitoka nyuma ya nyumba amebeba beseni la mama, lile kubwa la kufulia. Akaenda mpaka penye mlango wa ua, akainama, akachagua unyayo wa mwisho wa yaya kabla ya barabara, mguu wa kuume, akaufunika kwa beseni. Juu yake akaweka nusu ya tofali.

"Udongo ikimushika huku, na bale ba kule batamushika," alisema. "Hakuna muntu wa kufagia hapa mpaka habari ifike."

Alituelezea kwa ufupi, maana Kaku hakupenda kurudia maneno. Ukiufagia unyayo wa mtu aliyekwenda kuomba kitu, unamfuta hata kule aliko. Watamtazama na hawatamwona. Lakini udongo wa nyumbani ukiushika mguu wake, kule nako hawatamwachilia.

Mama alikuwa mwanamke wa rozari, na mambo hayo hakuyataka masikioni. Ila alikuwa pia mkwe, na mkwe mwenye akili hachukui beseni mkononi mwa mama mkwe wake. Akajaribu njia ya pembeni. Alisema alama ile pale chini ni ya buti za kampuni, mistari yake yote ni ya buti za baba watoto. Je, kama bahati itampata mwenye viatu badala ya mwenye mguu?

Kaku hakugeuka hata kidogo. "Udongo inajua uzito wa muntu," alisema. "Haiangarie kiatu."

Basi, tukaanza kungojea. Mimi nilifagia nikizunguka beseni kama ng'ombe azungukavyo kigingi. Mama alifulia kwenye ndoo, akinung'unika kwa sauti ya kusikika. Kuku waligundua kwamba kivuli cha beseni ni kizuri, wakahamia pale. Baba alisema yeye si wa kungojea vitu kama vile, lakini akirudi kutoka kazini, kabla ya kutusalimu, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye tofali. Nilimwona. Mwanamume aliyedai hangojei chochote alikuwa akingojea kuliko sisi sote.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Zama zile Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya usafi, na mkaguzi wa kambi alipita nyumba kwa nyumba na filimbi shingoni. Alikuwa mtu mfupi mwenye hasira fupi vilevile. Alisimama mbele ya beseni, akauliza takataka ile inafanya nini katikati ya njia. Mama alijificha jikoni. Kaku alikuwa kwenye mkeka wake, anapepeta mchele.

"Fungula, baba," alimwambia kwa upole. "Lakini chini kuko masomo ya mutoto. Ikipotea, nitakuya kulala kwako na mukeka wangu, mpaka utamutafutia ingine."

Mkaguzi alimtazama Kaku, akautazama mkeka, akalitazama beseni. Nafikiri alikuwa na bibi yake mahali fulani. Alisema beseni ni safi, akapuliza filimbi, akaenda kwa jirani. Jumamosi iliyofuata alisimama tena, ila safari hii aliuliza kwa sauti ya chini kama habari imefika. Polepole barabara yetu yote ikawa inauliza. Watu waliotoka sokoni waliinua kidevu kuelekea beseni, sisi tukatikisa kichwa, nao wakapita. Hata leo sijui jinsi nyingine ya kungojea inayopendeza kama ile, watu wote wa barabara wakingojea pamoja nawe.

Habari ilifika alasiri moja ya joto, mawingu ya mvua za kwanza yakiwa yameanza kukusanyika. Ililetwa na baiskeli ya papa Mwansa, jirani yetu aliyetunza bustani ya misheni. Misheni ilikuwa na foni, ile redio ya kuongea na misheni za mbali, na watu wa mjini walitumia njia hiyo kwa mambo ya haraka. Papa Mwansa alishuka, akavua kofia. Mama alipoona kofia imevuliwa tu, akakaa chini.

Alisema mjomba alikuwa ameita kutoka Kananga. Mtawa wa foni hakuwapo, chombo kilikuwa kinakoroma kama mtu mwenye pumu, na yeye Mwansa alikuwa anapita na jembe lake ndipo akasikia jina letu. Alishika neno moja tu, kwa sababu lilirudiwa mara nyingi: Mulumba, retenu. Retenu.

Sasa, neno lile la Kifaransa nyumbani kwetu halikuwa geni. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mimi nilisoma kwa masista, na retenue nilikuwa naijua vizuri: ni kubakizwa darasani wenzako wakienda kucheza, kwa kosa la kuongea. Nikadhani yaya ameongea kwenye mtihani. Baba alikuwa ndio kwanza anavua viatu. Yeye retenue aliiona kila mwisho wa mwezi kwenye karatasi ya mshahara, pale chini panapoandikwa yote yaliyokatwa. Akaacha kiatu kimoja mguuni.

"Banamukata," alisema.

"Hapana, papa," alisema Mwansa kwa huruma. "Mutoto wa dada yangu alikuwaka retenu ku brigadi ya mapolisi. Retenu njo kusema banamushika."

Nani aliyekumbuka kuuliza swali baada ya hapo? Miaka ile, ukiambiwa mtu ameshikwa, na ameshikwa na wanajeshi, hukuuliza kosa. Ulifunga mlango. Mama aliweka mikono kichwani, akalia kilio kile ambacho wanawake wa kambi walikitambua hata wakiwa kisimani. Walikuja. Mmoja akaleta mkeka, mwingine akaleta mkeka, na kabla jua halijashuka uwanja wetu ulikuwa umetandikwa kama wa msiba. Baba alikaa na kiatu chake kimoja. Hakusema "nilimwambia". Neno ambalo tulilitegemea kutoka kwake kwa miezi, siku ile hakulitoa, na nilimpenda kwa ajili hiyo.

Kaku peke yake hakulia. Alikuwa mzito kidogo wa masikio, na alimwita papa Mwansa karibu.

"Mwansa, unasema banafanya nini?"

"Banamushika, mama."

"Njo ile nililomba."

Akainuka. Alikwenda mpaka penye ua, akatoa tofali, akafunua beseni. Unyayo ulikuwa pale mzima, mistari yote ya buti kama ilivyokuwa asubuhi ile. Kisha akaja akauchukua ufagio mkononi mwangu, yeye ambaye sikuwahi kumwona akifagia maishani mwangu, akaufagia unyayo ule mara mbili, kulia na kushoto, akamrudishia mama beseni lake. Mama akalia mara mbili zaidi ya mwanzo. Wanawake wakanong'ona kwamba uchungu umempanda mzee kichwani.

Kesho yake baba alitoka zamu ya asubuhi, akanishika mkono, tukaenda misheni na papa Mwansa. Mtawa mzee wa foni alituketisha, akamfundisha baba kanuni: ukimaliza kusema, sema "à vous", yaani sasa ni zamu yako, la sivyo yule wa upande wa pili hawezi kusema. Baba alijifuta jasho, akakiinamia chombo.

"Shemeki, mutoto banamushika juu ya nini? À vous."

Chombo kikakoroma. Kisha sauti ya mjomba ikatoka, mbali lakini yenyewe. "Nani banashika? À vous."

"Mulumba. Ulisema retenu. À vous."

Kikaja kitu nilichodhani ni mvurugo wa hewa. Kilikuwa ni kicheko cha mjomba. "Retenu ni kusema banamuchagula! Bengi banarudishwa, yeye banamubakisha. Ameingia masomo. Kukata, banamukata nywele tu. À vous."

Mtawa, machozi ya kucheka yakimtoka, alimgusa bega kumkumbusha zamu yake, na baba akasema, "À vous, à vous, à vous," na hakuna lingine alilofaulu kusema mpaka saa ya foni ikaisha.

Tulirudi mbio. Baba yangu, mtu wa heshima zake, alikimbia katikati ya barabara ya kambi akiwa na nguo za kazi, na papa Mwansa nyuma yetu anapiga kengele ya baiskeli. Mikeka ilikuwa tayari imetandikwa, waombolezaji walikuwa tayari wameketi. Hatukuwa na haja ya kualika mtu. Kilio kiligeuka vigelegele bila hata watu kusimama. Kuku wawili kati ya wale waliopenda kivuli cha beseni hawakuiona jioni. Mkaguzi wa usafi alikuja na filimbi yake, akaipuliza mpaka watoto wakachoka kucheza. Baba alilewa furaha kabla hajalewa kitu kingine, na usiku kucha aliomba vitu kwa mtindo wa foni: nipe tonge la bukari, à vous, sogeza mboga, à vous.

Mama alikwenda akapiga magoti mbele ya Kaku, akamuuliza kama alijua tangu jana. Kaku alikuwa anatafuna kipapatio.

"Minye sijuwe Kifaransa," alisema. "Nililomba bamushike. Banamushika. Mulikuwa munalia juu ya nini?"

Yaya alipokuja likizo ya kwanza, amevaa kombati iliyopigwa pasi mpaka inakata, Kaku hakutazama kofia wala vifungo. Alimpeleka penye mlango wa ua, akamwambia akanyage. Akautazama unyayo, akasema sasa viatu ni vyake.

Mimi siku hizi ni mwalimu, na nafundisha Kifaransa hichohicho. Kila mwaka kitenzi retenir kinapofika ubaoni, inabidi nigeuke kidogo nisionekane ninavyocheka. Nimefikiri sana juu ya jioni ile. Neno lilikuwa moja, na sisi wote tulilijua, lakini kila mmoja alilijua kwa upande uliowahi kumpiga: baba kwenye mshahara, mimi kwenye adhabu, Mwansa kwa mapolisi. Haikutujia akilini kwamba mtu wa kambi anaweza kubakizwa kwa sababu anatakiwa. Kaku hakuwa na akili kuliko sisi, na kama unyayo una nguvu au hauna, sitagombana na mtu. Ila yeye alikuwa ameomba jambo jema na alikuwa analingojea jambo jema, basi lilipofika akalitambua.

Mwaka jana binti yangu wa mwisho aliomba nafasi ya masomo mbali na hapa, akaondoka na begi lake. Uwanja wangu sasa ni wa simenti, haushiki unyayo wa mtu. Nilisimama mlangoni muda mrefu, nikijiambia mwalimu mzima hafanyi mambo hayo. Kisha nikaleta beseni, nikapafunika palepale alipokanyaga mwisho, nikatafuta nusu ya tofali.

Jirani alipopita kutoka sokoni, aliuliza chini kuna nini.

Nikamwambia hakuna kitu, tunangojea. Akaweka kikapu chake chini, akasimama nami kidogo.