Kadi Moja ya Sauti, Shangazi na Mimi

Shangazi yangu alikuwa karani mpiga chapa kwa miaka ishirini na miwili, mpaka macho yalipomzimikia. Akajifunza kazi upya kwa kompyuta yetu ya sebuleni, yenye mfumo wa Linux, inayomsomea kwa sauti kila anachoandika. Ofisi yake ya zamani ikakubali kumjaribu: aandike kumbukumbu za mkutano uliorekodiwa, zifike Ijumaa saa sita mchana. Akiweza, kazi ni yake tena.

Alhamisi nilirudi mapema, nikamkuta mbele ya kompyuta, mikono mapajani.

"Imekuwa bubu tena," alisema. "Kila ukiondoka asubuhi ni hivi hivi, mpaka urudi. Nadhani kuna mahali nakosea. Mwambie baba yako awapigie ofisini, waache tu."

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mmeshachoka kunishika mkono."

Yalinichoma. Nikafungua akaunti yangu: muziki unalia vizuri. Nikaja kwenye yake: kimya. Nikampigia fundi wa kompyuta, akacheka mpaka nikakasirika.

"Dada, kadi ya sauti, ile inayotoa sauti kwenye kompyuta, ni moja. Aliyeingia kwanza ndiye anaishikilia. Wewe ukienda kazini unafunga akaunti yako?"

Nifunge wapi! Kila asubuhi nasimamisha wimbo katikati na kutoka mbio, ili nikirudi niukute palepale; jioni ndipo naumalizia na kufunga. Kumbe ni mimi niliyemziba shangazi yangu masikio.

Fundi akaniongoza kwa simu, amri moja baada ya nyingine, tukaweka programu moja ya sauti kwa kompyuta nzima, inayochanganya sauti za akaunti zote kabla ya kuzifikisha kwenye kadi. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikaacha wimbo wangu ukilia kwa makusudi.

Shangazi akaingia kwenye akaunti yake, akabonyeza kitufe. Juu ya wimbo ikasikika ile sauti kavu ya mashine: "Mwenyekiti alifungua mkutano."

"Kumbe si mimi," alinong'ona. Kisha akapaza sauti: "Kumbe si mimi!" Tukalia sote wawili, na raha niliyoipata siku ile sina pa kuiweka.

Ijumaa saa nne kazi ilishafika ofisini. Saa sita kasoro simu yake ikaita, akaipokea mwenyewe.

"Karani anaongea," alisema. Akasikiliza. "Jumatatu? Nitakuwa tayari."

Akanigeukia. "Jumatatu uniachie muziki ukilia. Ila uchague wimbo mwingine, huo umenichosha."