Rangi ya Narok

Silantoi wa Ngaramtoni alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mweusi tii, aliyemwita Narok, jina ambalo kwa Kimaa ni huo huo weusi. Mwaka wa tatu baada ya kufiwa na mumewe, ng'ombe huyo alianza kuwa mwekundu.

Ilianzia machoni. Manyoya yalipauka kuzunguka macho hadi Narok akaonekana kama amevaa miwani, kisha mgongo ukashika rangi ya kutu. Maziwa yakapungua. Shemeji yake Lesikar alisema ni minyoo. Wakampa dawa mara mbili, na wekundu ukazidi. Kina mama wenzake wa kwaya walimuuliza kama amenunua ng'ombe mwingine.

Kilichomvuruga zaidi ni kwamba Narok alikuwa anashiba. Tangu msimu uliopita Silantoi alikuwa akimwaga mbolea ya kupandia kwenye mabingobingo yake ya kumlishia bila kubania, na majani yalishampita kimo. Ndama wake, aliyefungwa pembeni akila nyasi fupi za kwenye matuta, ambazo hazijawahi kuonja mbolea, aling'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Anayekula vizuri anapauka, anayeokoteza ananawiri. Silantoi alikaa akiwatazama wawili hao, asione pa kuanzia.

Ndipo akapita Agnela, binti mtafiti wa malisho aliyekuwa akizunguka vijiji vile. Alimpa shikamoo yake, akachimba mizizi ya mabingobingo na ya nyasi za matutani, akaondoka nayo. Baada ya wiki mbili alirudi na picha kwenye simu. Mizizi ya matutani ilijaa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Ya shambani ilikuwa karibu mitupu.

"Hizi nyuzi ni kuvu, mama," alisema. "Nyasi inazipa sukari, nazo zinaifuatia madini kule ambako mzizi haufiki. Ukimwaga mbolea nyingi ya fosforasi, kama hii ya kupandia, nyasi inajitosheleza, inaacha kuzilisha. Na shaba, ambayo ndiyo inayoyapa manyoya weusi wake, nayo inakosa wa kuileta."

"Shaba hii ya bangili?"

"Hiyo hiyo, ila kidogo mno."

Silantoi aliitazama bangili mkononi mwake. Kuvu aliyoijua yeye ndiyo iliyomharibia mahindi stoo. Akauliza kama mbolea basi ni sumu. Agnela akasema hapana, mahindi yanaihitaji, tatizo ni kuzidisha. Halafu akaongeza kwamba hawezi kuapa, maana damu ya Narok haijapimwa. Akamshauri amwekee jiwe la chumvi lenye madini, na nusu ya shamba aiache bila mbolea.

Silantoi akafanya yote mawili. Lesikar naye, bila kumwambia mtu, akampa Narok dawa ya minyoo mara ya tatu.

Baada ya miezi minne manyoya mapya yaliota meusi, na maziwa yakapanda. Lesikar alitangaza ushindi wake hadi kanisani. Agnela alifurahi, akafungua daftari, lakini aliposikia habari ya ile dawa aliweka kalamu chini.

"Sasa hatutajua ni kipi kilichomponya," alisema.

Silantoi alilitafakari neno hilo siku kadhaa. Hatimaye alinunua jiwe jingine la chumvi, akapunguza mbolea shamba zima, kisha akaenda kwa Lesikar kumwomba asije akasahau dawa yake ya minyoo.