Filta ya nyumba nzima: nilivyokataa kuiosha ili dhahabu ijae, huku Kakamega

Habari zenu wakuu. Mimi ni mzee wenu wa Kakamega, na hii ninayowaletea ilinipata mwenyewe. Chumvi nitatia kidogo tu, daktari amenikataza nyingi.

Miaka ile uhuru ukiwa bado mbichi, niliamini kwa moyo wote kwamba wazungu wa huku hawakuwa wakichuja maji. Walikuwa wakichuja dhahabu.

Aliyeniambia ni Mukolwe, karani mwenzangu, mtu wa kuvaa tai hata akichimba viazi.

"Hujiulizi mbona nyumba zao zilikuwanga na lile pipa la mchanga? Maji yetu yanapita kwa mawe ya Ikolomani, kule kwa migodi ya dhahabu, ndugu yangu. Vumbi la dhahabu linanasa humo!"

Nikaamini. Na mimi nilikuwa msomi! Nilikuwa nimemaliza night school, cheti changu kikiwa kwenye fremu kubwa kuliko dirisha.

Siku hizo kila karani alitaka kurithi kitu cha mzungu. Mmoja alichukua kofia ya jua. Mwingine alichukua mbwa, akawa anamgombeza kwa Kiingereza kibovu hadi mbwa akaacha kubweka.

Mimi nikachukua filta, lile pipa lenyewe.

Niliifunga mwenyewe. Pipa la chuma, mawe chini, juu yake kokoto, makaa yaliyopondwa, kisha mchanga mwingi niliouleta kwa baiskeli kutoka mto Yala. Maji yanatoka kwenye tangi, yanapita ndani ya pipa, ndipo yanaingia nyumba nzima.

Mwanzoni, wakuu, maji yalikuwa safi hadi ukiyatia kwenye glasi unadhani glasi ni tupu. Majirani walikuja kuyatazama kimya kimya, kama wanaaga maiti ya chifu.

Sasa, pipa kama hilo linataka service. Unakwangua mchanga wa juu ulioshika tope, unauosha, unaurudisha. Mzungu niliyerithi pipa lake alinieleza mwenyewe kabla hajaondoka.

Nikacheka moyoni. Nioshe, nimwage dhahabu? Huyu anadhani anaongea na nani?

Mvua kubwa zikaja, maji ya tangi yakawa mekundu. Bomba likaanza kutoa maji kwa huruma, tone moja moja. Kisha ikaja harufu.

"Baba Ambani," mke wangu akaniambia, "haya maji yananuka vyura."

"Hiyo ni harufu ya madini, Mama Ambani. Vumilia, tutajenga ghorofa."

"Ghorofa ya vyura?"

Nikaenda kulipangusa pipa kwa nje, kama mtu mwenye siri kubwa.

Halafu Ambani, mtoto wetu wa kwanza, hata kutembea bado, akaanza kuharisha. Hapo mzaha uliisha. Mama yake akamfunga mgongoni, akabeba kikapu, akasimama mlangoni.

"Chagua. Uoshe hilo pipa sasa hivi, ama mimi na mtoto tunaenda kwetu Malava, wewe ubaki na vyura wako."

Nikafungua pipa. Nikakwangua tope jeusi lililonuka hadi kuku wakahama boma. Nikachota mchanga wa chini yake, nikautoa juani.

Wakuu, uling'aa!

Nilipiga kelele wakanisikia Mumias. Mukolwe akafika mbio, tai begani, tayari ameanza kugawa: "Nusu ni yangu, mimi ndiye nilileta habari!"

Niweke somo hapa kabisa, kwa nyinyi mnaofunga filta za kisasa. Ioshe. Badilisha vya kubadilishwa kabla maji hayajaanza kunuka. Na mtu mwenye tai akikufundisha mambo ya bomba, muulize kwanza kama kwake liko. Mukolwe alikuwa anachota mtoni.

Waliowahi kudanganywa namna hii waseme hapo chini, msiniache nichekwe peke yangu.

Lakini wacha nimalizie. Mama Ambani alichukua ule mchanga kidogo kiganjani, akautazama, akatutazama sisi wawili tulivyokuwa tumepiga magoti.

"Baba Ambani, huu ni mchanga wa Yala. Uling'aa hivi hivi siku ile ulipouteremsha kwa baiskeli. Kitu maji yameleta humu ni uchafu tu." Akatua kikapu. "Osha pipa. Mimi naenda kumchemshia mtoto maji."